Supu ya Kabichi ya Wamennonite: Nyanya Zisubiri

Viazi vya supu vikigoma kuiva ilhali kabichi imeshalegea, usivilaumu viazi. Mara nyingi chanzo ni nyanya zilizotiwa mapema. Anayetaka kuielewa kanuni hii na apike Komst Borscht, supu ya kabichi ya Wamennonite waliopitia Urusi.

Wamennonite wamepewa jina la Menno Simons, padri wa Friesland nchini Uholanzi aliyeacha Ukatoliki mwaka 1536. Mateso yaliwasukuma baadhi yao hadi bonde la mto Vistula, katika Poland ya leo, na kuanzia 1789 wakalima mashamba kusini mwa Ukraine, iliyokuwa chini ya Urusi. Borscht waliikuta kwa majirani, lakini yao kwa kawaida haina bitiruti. Kabichi ndiyo inayotawala. Sheria ya jeshi la lazima ya 1874 iliwafanya maelfu yao, ambao imani inawakataza kushika silaha, wahamie Kansas na Manitoba, nao wakaendelea kuipika huko. Hata hivyo, si kila Mmennonite aliyelelewa na supu hii. Wamisionari walioanza kazi Shirati, mkoani Mara, mwaka 1934 walitoka Lancaster, Pennsylvania, kwenye jamii yenye asili ya Uswisi na kusini mwa Ujerumani, na mapishi yao ni mengine.

Kwa watu sita hadi wanane, andaa kilo moja ya mifupa ya ng'ombe yenye nyama, lita tatu za maji, nusu kabichi, viazi mviringo vinne, karoti mbili, kitunguu kikubwa, nyanya tatu na punje nane za pilipili manga. Kiungo kinachoipa supu hii harufu yake ni shibiti: majani membamba kama nywele, ya ukoo mmoja na giligilani. Ukiikosa, giligilani itafaa, ingawa ladha itabadilika.

Anza na mifupa katika maji baridi. Maji yakipata moto polepole, protini hutoka na kuelea kama povu la kijivu, nawe unaliengua kwa kijiko. Yakichemka kwa fujo, povu hilo huvunjika na mchuzi ukawa na ukungu. Likiisha, tia kitunguu na pilipili manga iliyofungwa katika kitambaa safi, ili baadaye uiopoe yote kwa mkupuo mmoja. Acha kwa moto mdogo saa mbili hadi tatu. Muda huo unahitajika ili kano na gegedu za mifupa ziyeyuke na kuupa mchuzi uzito. Kisha toa mifupa, chambua nyama na uirudishe.

Sasa tia viazi na karoti. Mboga hushikamanishwa na pektini, ambayo hulegea katika maji ya moto, lakini kwenye asidi hulegea kwa shida. Ndiyo maana nyanya hungoja. Baada ya dakika kumi, tia kabichi iliyokatwa nyembamba. Usiipike mno, kwani kadiri inavyochemka ndivyo inavyotoa ile harufu nzito ya salfa inayowakimbiza watoto mezani. Choma kiazi kwa ncha ya kisu. Kisu kikipita bila kukwama, ndipo utie nyanya zilizokatwakatwa na chumvi, uchemshe dakika kumi nyingine. Shibiti iingie unapoepua, maana harufu yake huruka upesi na mvuke.

Supu hii huliwa na krimu, na hapo ndipo wengi huharibu. Krimu ikikutana na asidi ya nyanya juu ya moto mkali hukatika, ikabaki mabonge. Iweke kwenye bakuli la kila mlaji, kijiko kimoja kimoja, sufuria ikiwa imeshaepuliwa. Kitakachobaki kihifadhi kwenye friji bila krimu na ukipashe kesho yake: ladha zitakuwa zimekolea, na supu itakuwa tamu kuliko ya leo.