Timu ya dharura hujengwa kabla majeruhi hajafika

Saa tatu usiku, lori linagonga bodaboda karibu na makutano ya Minjila. Abiria anavuja damu nyingi pajani. Mwendeshaji anakoroma na haitiki akiitwa. Wote wawili wanafikishwa hospitalini kwa pamoja, na zamu hiyo ina wauguzi wawili, afisa wa kliniki na mhudumu mmoja wa maabara. Nani amshughulikie nani? Nani aitishe damu? Nani apige simu ya ambulensi?

Ajali hiyo haijatokea. Ni mfano wa visa wanavyopewa wahudumu wa afya katika mazoezi ya kuigiza, ambapo timu nzima hutibu majeruhi wa kubuni kana kwamba ni wa kweli.

Kwa nini Tana River?

Kutoka Garsen hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 100, na safari ya kwenda hospitali ya rufaa ya Hola pia ni ndefu. Mto Tana unapofurika, barabara hukatika. Mbali na ajali za barabarani, wakaazi hujeruhiwa na mamba, viboko na nyoka. Kwa hivyo timu ya kwanza kumpokea majeruhi, iwe Garsen au Ngao, ndiyo inayoamua kama ataimudu safari ya mbele.

Zoezi linavyofanyika

Si lazima kuwe na mwanasesere wa bei ghali. Mhudumu mmoja anaweza kulala kitandani kama mgonjwa, na kitambaa chekundu kikawa damu. Kiongozi anateuliwa na kila mmoja anapewa kazi yake. Timu hufuata utaratibu mmoja: njia ya hewa kwanza, kisha kupumua, mzunguko wa damu, fahamu, na mwisho kumfunua mgonjwa ili kutafuta majeraha yaliyojificha. Utaratibu huu ndio msingi wa mafunzo ya huduma za dharura yaliyotolewa na Shirika la Afya Duniani na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu mwaka 2018, kwa ajili ya hospitali zenye vifaa vichache.

Jambo linalosisitizwa sana ni mawasiliano. Kiongozi hasemi tu, “Mtu aweke dripu.” Humtaja mhusika. Aliyetajwa hurudia agizo, na akimaliza husema, “Dripu imewekwa.” Vilevile, muuguzi mdogo hufunzwa kumzuia mkubwa wake anapoona kosa, bila kuogopa cheo.

Zoezi likiisha, timu huketi kulijadili. Hapa ndipo mafunzo yenyewe yalipo. Hakuna anayelaumiwa, wanaulizana nini kilikwenda vizuri na nini kilichelewa. Mara nyingi kasoro huwa ndogo lakini ya hatari: mtungi wa oksijeni upo ila ufunguo wake haujulikani uliko, au nambari ya dereva wa ambulensi haijabandikwa ukutani. Ni heri kasoro hiyo igunduliwe mchana wa mazoezi kuliko usiku wa ajali.

Wajibu wa mkaazi

Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Lakini kazi ya timu huanzia pale majeruhi alipoanguka, na hapo wewe ndiwe mhudumu wa kwanza:

- Piga simu mapema: 999, 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu.
- Bana jeraha linalovuja damu kwa kitambaa safi, na usiachilie.
- Usimkunje wala kumburuta aliyeumia shingo au mgongo, isipokuwa pana hatari kubwa zaidi.
- Usimpe chakula wala maji.
- Mfuate hospitalini mtu mmoja aliyeshuhudia ajali, aeleze ilitokea saa ngapi na vipi. Wengine wasubiri nje. Chumba kikijaa watu, maagizo hayasikiki.

Kuna jambo moja ambalo mazoezi hayawezi kulitengeneza, nalo ni damu. Timu iliyofunzwa vizuri bado itakwama ikiwa jokofu la damu ni tupu. Ikiwa una afya njema, umri wa miaka 16 hadi 65 na uzani wa kilo 50 au zaidi, jitolee kuchangia damu kabla haijahitajika na mtu unayemjua.