Paka anayekojoa ovyo huenda ni mgonjwa, si mkaidi

Paka aliyezoea kukojoa kwenye karai la mchanga anapoanza kukojoa sakafuni au kitandani, wengi humchapa au kumfukuza. Wakazi wanaofuga paka wanashauriwa wasiharakishe kumwadhibu, kwani huenda anaumwa na kibofu.

Kwa paka ambao hawajazeeka, sababu ya kawaida ni kibofu kuvimba kutokana na wasiwasi. Mara nyingi mkojo wake ukipimwa, haupatikani na bakteria wala mawe. Ndiyo maana antibiotiki huwa haziwasaidii wengi wao.

Paka hupenda siku zake zifanane. Kuhama nyumba, kelele za ujenzi, wageni wengi au kuletwa kwa paka mwingine kunaweza kuuanzisha ugonjwa huu.

Dalili zake ni kuchuchumaa mara kwa mara na kutoa matone machache, kulia anapokojoa, mkojo wenye damu na kujilamba sana sehemu za siri. Kwa kawaida dalili hupungua ndani ya wiki moja, lakini zinaweza kurudi. Ili zisirudi mara kwa mara:

• Mpe maji safi kila siku, mahali zaidi ya pamoja. Chakula chenye majimaji ni bora kuliko kikavu. Supu ya samaki inafaa, mradi isiwe na chumvi wala kitunguu, kwa kuwa kitunguu ni sumu kwa paka.

• Weka karai moja la mchanga kwa kila paka, na moja la ziada. Toa uchafu kila siku na uyaweke mahali patulivu.

• Paka wakiwa wengi, kila mmoja awe na sahani yake, mbali na wenzake.

• Mwachie pa kujificha na pa kupanda juu. Hata boksi la katoni linatosha.

• Usimchape. Kipigo humwongezea wasiwasi, na wasiwasi ndio unaomrudishia maumivu.

Hatari kubwa iko kwa paka dume. Mrija wake wa mkojo ni mwembamba na unaweza kuziba kabisa. Dume anayejikamua bila kutoa mkojo asidhaniwe kuwa amefunga choo tu. Sumu ya mkojo hujaa mwilini na anaweza kufa ndani ya siku mbili au tatu. Apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku au wikendi.

Vilevile, usimpe paka dawa za binadamu za kutuliza maumivu. Kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumuua.

Paka mwenye dalili hizi, hata kama bado anakojoa, apelekwe kwa daktari wa mifugo ili sababu ijulikane. Kwa ushauri zaidi, wakazi wafike katika ofisi ya mifugo iliyo karibu nao.