TFC ya mutoto: nani atatumikisha ile kazi?

Mu nyumba nyingi za wachimbaji, tangu Kipushi mpaka Kolwezi, masomo ya watoto yanalipwa na shimo. Mushahara wa baba, ao mifuko ya mawe aliyouzisha, njo inageuka kuwa minervali, transpore, na siku moja ordinateri. Kisha mwaka wa mwisho unafika, na mutoto anasema: "Baba, sasa niko ku TFC. Inaomba franga ya staji, ya intaneti na ya kuchapisha." Muzazi analipa, kwa sababu anasikia ni mara ya mwisho. Lakini wazazi wengi hawajaelezwa hata siku moja ile TFC ni kitu gani, na inapashwa kumuachia mutoto nini mu mikono.

Tueleze kwa kifupi. TFC ni kazi ya kumaliza masomo ya kwanza ya iniversite. Memware inakuja nyuma, kwa ule anayeendelea mbele. Mwanafunzi anachagua jambo la kuchunguza, anapata mwalimu wa kumuongoza, anaenda ku staji, anaandika, halafu anajitetea mbele ya juri. Kwa ule anayesoma enformatiki, karatasi peke yake haitoshi: anapashwa pia kutengeneza programu inayotembea. Mu inchi nyingi za dunia kazi ya namna hii inawekwa mu mwaka wa mwisho, kwa sababu njo pale masomo yote aliyopata kipande kipande yanashikamana na kuwa kitu kimoja.

Sasa shida iko wapi? Angalia vichwa vya TFC za enformatiki: programu ya kuongoza stoki, programu ya kuongoza wafanyakazi, programu ya kuandikisha wanafunzi. Si mubaya. Mambo haya ni ya lazima. Lakini kama mwanafunzi hakuketi hata siku moja karibu na mutu wa magazini kuona namna anavyoandika mu kaye yake, ile programu inazaliwa bila mwenyewe. Siku ya kujitetea inafunguliwa mbele ya juri, familia inapiga mikono, watu wanapiga foto. Kesho yake inafungwa. Mutu wa magazini anaendelea na kaye yake, na kitabu cha TFC kinalala mu biblioteki.

Halafu kijana anatafuta kazi. Pale wanamuuliza: "Ulishatengeneza nini? Nani anaitumikisha?" Diploma peke yake haijibu lile ulizo.

Masomo yenye jina la mutu wa shaba

Ku California, Marekani, mu muji wa Claremont, kuko masomo ya juu yanayoitwa Harvey Mudd College. Sisi watu wa shaba, jina lile linatuhusu kidogo. Harvey Mudd alikuwa ingenieri wa migodi. Aliongoza sosiyete Cyprus Mines, iliyochimba shaba ku kisiwa cha Kupro, kile Wafaransa wanaita Chypre. Alikufa mu 1955, na mwaka ule ule masomo yale yaliundwa kwa jina lake, kwa feza ya familia na marafiki zake.

Mu 1963 walimu wawili wa pale, Jack Alford na Mack Gilkeson, walianzisha kitu walichokiita Kliniki. Wazo lao lilikuwa hili: munganga hajifunzi mu vitabu tu, anajifunza pia ku hospitali, karibu na mugonjwa wa kweli. Kwa nini ingenieri ajifunze bila mugonjwa? Walianza na wanafunzi wa uingenieri. Kisha wale wa enformatiki nao waliingia.

Kazi inatembea hivi. Sosiyete inaleta shida yake ya kweli, na inalipa masomo kwa ile kazi. Wanafunzi wane ao watano wanafanya ekipi moja, na wanabeba ile shida mwaka muzima wa masomo. Mumoja wao anakuwa kama kapita wa kazi. Mwalimu anawashauri, lakini hawatengenezei. Sosiyete nayo inatoa mutu wake, na ekipi inasema naye kila juma: tumefika wapi, nini imekwama, nini imebadilika. Ku mwanzo wanaandika karatasi inayosema wazi kitu watakachotoa. Mu mwezi wa tano wanasimama mbele ya watu wote kuonyesha kazi, halafu wanaiacha mu mikono ya sosiyete.

Angalia tofauti. Ku kwetu mara nyingi mwanafunzi anafanya TFC yake peke yake, na mutu anayemuogopa ni juri. Pale anafanya na wenzake, na mutu anayemuogopa ni ule atakayetumikisha kazi. Juri inauliza maulizo siku moja. Mwenye shida anauliza mwaka muzima.

Wachimbaji wanaelewa jambo hili kupita walimu wengi. Nani alishaona shimo linafunguliwa na mutu mumoja? Mwenye kujua mawe anaonyesha fasi, wa sondaji wanatoboa, wa usalama anachunguza ukuta mbele ya watu kuingia, kapita anapanga posti. Kama mumoja hasemi na mwenzake, mutu anakufa. Programu nayo ni vile: mumoja anauliza watu, mwingine anachora, mwingine anaandika, mwingine anajaribu kuibomoa ili kuona kama inasimama. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Bila feza ya California

Utasema: kule sosiyete inalipa, huku nani atalipa? Ni kweli. Lakini kitu cha maana mu ile Kliniki si feza. Ni mwenye shida. Na wenye shida hapa kwetu hawakosi.

Tuseme kuko koperative ya wachimbaji. Kila siku mifuko inapimwa, kilo zinaandikwa mu kaye, na mwisho wa juma watu wanagombana: "Mimi nilileta saba, umeandika tano!" Mwanafunzi anaweza kutengeneza programu ndogo ambayo kila mutu anaona kilo zake mu simu, na hakuna anayeweza kuzifuta kwa siri. Ao famasi ya kartie inayokosa dawa kwa sababu hakuna aliyehesabu mapema. Ao magazini ya viatu na kofia za kazi, fasi hakuna anayejua nani alichukua nini.

Akiketi na watu wale, mwanafunzi atajifunza mambo ambayo hayako mu silabusi. Atajua kama moto wa SNEL unakatika, basi programu isipoteze kilo zilizokwisha kuandikwa. Atajua kama intaneti ni bei, basi ikubali kutembea bila rezo. Atajua kama mama anayepima mifuko anasoma Kiswahili kuliko Kifaransa, basi maneno ya ku ekra yawe Kiswahili. Ule anayetengeneza akiwa peke yake mu chumba hawezi kuyakumbuka yote.

Maulizo ya muzazi

Baba, mama, si lazima ujue enformatiki ili kufuata TFC ya mutoto wako. Mbele ya kutoa franga, muulize maulizo mane. Nani ana shida hii? Ulisema naye mara ngapi? Atajaribu programu lini, mbele ya siku ya kujitetea ao nyuma? Na kisha ya kujitetea, itabaki ku nani?

Akijibu vizuri, mulipie hata kwa taabu. Ile feza haikupotea. Akikwama, usimugombeze. Mutume arudilie kwa watu. Na kama analeta habari ya kununua TFC iliyokwisha kuandikwa na mwingine, kataa kabisa. Utakuwa umelipia miaka yote, na ile ya mwisho, iliyopashwa kumufundisha kazi, umeinyima mutoto.

Neno la mwisho ni kwa wale walio ku kazi yenyewe: makapita, watu wa magazini, wakubwa wa koperative. Kijana wa staji akifika na ordinateri yake, usimuweke mu kona kumutuma chai na fotokopi. Mupe saa moja kila juma. Mwonyeshe kaye yako, na umwambie fasi inakuumiza. Ile saa haikugarimu kitu. Kwake yeye, inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya karatasi na kazi.