Viatu vya Mama Asimamaye Kutwa

Mjini Kisangani, karibu na mstari wa ikweta, mwalimu na mwuguzi husimama tangu asubuhi hata jioni, na kazi yawataka wavae vizuri. Lakini kisigino kirefu chembamba husukuma uzito wa mwili mbele, hata vidole vikaumia. Na kiatu bapa kabisa hakiushikilii unyayo.

Twawashauri akina mama: chagueni kisigino kipana cha sentimeta 2 au 3, chenye nafasi ya vidole. Ngozi nyeusi iliyong'arishwa hupatana na kikwembe cha rangi yoyote. Tena nunueni jioni, kwani kwa joto na kusimama miguu huvimba. Vaeni viatu vyote viwili, mtembee kidogo, ndipo mlipe. Fedha ya jozi haipatikani kila mwezi. Kiatu kizuri ni kile kimrudishacho mama nyumbani bila kuchechemea.