Binti Akisomea Kemia Njoro, Arudi na Nini?

Matokeo ya kidato cha nne yatokapo na nafasi za vyuo vikuu zikagawanywa, nyumba kadha za mwambao huanza kuizungumza Njoro. Huko, si mbali na jiji la Nakuru, ndiko kuliko Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza mwaka 1939 kikiwa shule ya ukulima na kufanywa chuo kikuu kamili mwaka 1987. Binti aliyepata nafasi ya shahada ya kemia huulizwa na jamaa swali moja: ataajiriwa wapi? Si swali baya. Kuna pareto Nakuru, maua Naivasha, mvuke wa ardhini Olkaria. Lakini sisi twaona lipo swali linalotangulia: miaka minne ikiisha, atajua kufanya nini asichokijua jirani yake?

Jawabu limo ndani ya maji ya huko huko. Bonde la Ufa ni nchi ya volkano, na mawe yake hutoa floraidi inayoyeyuka katika maji ya chini ya ardhi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi vya Nakuru na vitongoji vyake hukivuka. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yangali yakijijenga ndani ya ufizi, huyaota yakiwa na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Floraidi ikizidi mno kwa miaka mingi, huidhuru hata mifupa. Na maji yenyewe ni safi machoni, hayana harufu. Mama mwangalifu huyachemsha, asijue kwamba moto huua vijidudu tu. Floraidi haiondoki, bali maji yapunguapo kwa mvuke huzidi kukolea.

Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru ilijulikana kwa kutengeneza machujio ya mkaa wa mifupa. Mifupa huchomwa katika tanuri yenye hewa haba, husagwa chenga, na madini yake huikamata floraidi maji yapitapo. Msomaji wetu atauliza papo hapo: mifupa ya mnyama gani, naye alichinjwa vipi? Ana haki ya kuuliza. Katika madhehebu ya Shafi, tuliyo nayo wengi wetu, mfupa wa mzoga ni najisi na moto hauutwahirishi. Wanazuoni wa Hanafi wana kauli nyingine. Mwanakemia hatoi fatwa. Lakini shekhe atahitaji mtu wa kumweleza, kwa lugha ya nyumbani, kilichoungua ni nini na kilichobaki ni nini, na kwamba yako machujio ya alumina yasiyotumia mfupa kabisa. Msomi asiyeweza kumweleza shekhe, wala mama aliye kisimani, twasema elimu yake ingali nusu.

Tena chujio huchoka. Likishajaa, maji hupita na floraidi yake, na ladha haibadiliki. Kipimo pekee ndicho kitakachosema. Hapo ndipo shahada inapojaribiwa: je, kabla ya kuyapima maji ya watu, alikijaribu kifaa chake kwa maji ambayo kiasi chake chajulikana? Alirudia mara tatu? Tarakimu isiyompendeza aliiandika kama ilivyo, au alinakili ya mwenziwe ili zilingane? Surat al-Mutaffifin yawakemea wapunjao vipimo sokoni. Kwetu sisi, mizani ya maabara haiko mbali na ya dukani.

Kwa hiyo akirudi likizo, wazazi wasitosheke na alama. Wamwulize kama mkono wake mwenyewe uliishika bureti, au alisimama nyuma ya wenzake akiandika. Wampeleke jikoni pia: magadi tunayotia katika maharage hutoka aghalabu katika maziwa ya Bonde la Ufa, na kaskazini mwa Tanzania yameonekana kuwa na floraidi nyingi. Aeleze.

Na walio na jamaa waliohamia Nakuru na watoto wachanga, wawahimize kuyapeleka maji ya kisima maabara mapema. Meno ya mbele ya ukubwani huanza kujijenga mtoto akiwa bado ananyonya.