Kuimaliza Dungeon Master

Katika tabaka la kwanza la gemu ya Dungeon Master hakuna adui. Kuna korido za mawe na vioo 24 ukutani, na ndani ya kila kioo amefungwa shujaa mmoja aliyeshindwa kazi ambayo sasa umekabidhiwa wewe. Unachagua wanne. Yupo Halk, pande la mtu. Yupo Hissssa wa jamii ya mijusi. Yupo Elija anayeitwa simba wa Yaitopya, na yupo dada mmoja aitwaye Azizi Johari, jina ambalo ungeweza kulisikia likisomwa kwenye mahudhurio ya shule yoyote ya Tanga au Lamu. Kila mmoja unaweza kumfufua kama alivyokuwa, au ukampa uhai mpya: apoteze jina na ujuzi wake, lakini apate mwili wenye nguvu zaidi. Uamuzi huo unaufanya kabla hujajua lolote kuhusu shimo lenyewe, na utaishi nao hadi chini kabisa, tabaka la 14.

Gemu hii ilitoka Desemba 1987 kwa ajili ya kompyuta ya Atari ST. Waliotengeneza ni FTL Games, kampuni ndogo ya San Diego, Marekani. Doug Bell alikuwa kiongozi wa kazi, Andy Jaros alikuwa mchoraji, na hadithi ya kwenye kijitabu cha maelezo iliandikwa na mwandishi wa riwaya Nancy Holder. Michezo ya kuzama mashimoni ilikuwepo kabla yao. Wizardry ya mwaka 1981 iliwafanya wenye Apple II wakeshe, nayo ilikuwa imerithi mengi kutoka Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa 1974. Lakini mle mapigano yalikwenda kwa zamu: wewe unapiga, unasubiri, adui naye anapiga. Dungeon Master iliondoa zamu. Unatembea hatua moja moja kwenye miraba, unageuka kona kwa kona, ila saa haikusubiri. Ukisimama kufikiri, kinachokufuata kinazidi kusogea.

Nilipoicheza ujanani sikufika mwisho, kwa sababu flopi iliyobeba safari yangu iliota ukungu, kama flopi nyingi za pwani. Mwaka huu nimeirudia kwenye kompyuta mpakato, kwa programu inayoiga Atari ST, na safari hii nimeimaliza. Ninachotaka kusema ni kwamba mtu aliyeicheza nusu hajaijua gemu hii, hata kama anakumbuka kila kona ya matabaka ya juu. Maana yake imewekwa mwishoni, na kila kinachokusumbua njiani kinakuandaa kuifikia.

Chukua mwanga. Mwenge unaoushika unaungua kwelikweli. Kuta zinafifia polepole sana kiasi kwamba huoni lini zilianza kufifia, mpaka unajikuta umekaza macho mbele ya skrini. Basi unatafuta mwenge mwingine, au unamwambia mganga wako atamke FUL na nuru inarudi. Njaa nayo ni ya kweli. Mashujaa wanakula mkate, jibini na matufaha, na vyakula hivyo vikiisha wanakula vipande vya Screamer, viumbe kama uyoga mkubwa vinavyopiga kelele. Maji unayachota kwenye chemchemi za ukutani na kuyatia kwenye kiriba. Hakuna anayekueleza haya. Unayaona kiu ikianza kuwadhoofisha watu wako.

Uganga ndio sehemu ninayoipenda kuliko zote. Ziko silabi 24 katika safu 4 za silabi 6. Safu ya kwanza inaweka kiasi cha nguvu, kuanzia LO mpaka MON. Zinazofuata zinataja asili ya kitu, umbo lake na namna yake. FUL ni moto. Ukiongeza IR baada yake, moto unaruka mbele kama tufe na kulipuka. Ukiwa na chupa tupu mkononi ukatamka VI, chupa inajaa dawa ya kuponya. Baadhi utazikuta zimeandikwa kwenye hati za ngozi zilizotupwa sakafuni, ila nyingine unaweza kuzigundua kwa kujaribu tu, na zikafanya kazi papo hapo. Gemu haikuulizi kama umefikia daraja linaloruhusu. Inakuuliza kama unajua na kama mganga wako ana uzoefu wa kutosha asikosee. Uzoefu huo nao unapatikana kwa kutenda. Anayepiga upanga anakuwa mpiganaji, anayerusha visu anakuwa ninja, anayechanganya dawa anakuwa kuhani.

Kisha kuna mlango. Pembeni yake kuna kitufe. Ukikibonyeza mlango unapanda au unashuka. Siku utakapokimbizwa na maiti iliyofungwa sanda ukabonyeza kitufe nayo imesimama kizingitini, mlango utaiangukia kichwani, utapanda, utaiangukia tena, mpaka maiti igeuke moshi. Kitu ulichodhani ni pambo la njiani kimekuwa silaha. Mbinu hii sikuisoma popote. Niliiona ikitokea mbele yangu, na tangu hapo kila kitu mle ndani nikakitazama kwa jicho jingine.

Ramani haipo. Nilichora yangu kwenye daftari la hesabu, la miraba, mraba mmoja kwa hatua moja. Michezo mingi ya leo inakuwekea mshale wa kukuonyesha pa kwenda, nami naona inamnyang'anya mchezaji jambo kubwa. Ukishachora tabaka kwa mkono wako unaligundua shimo la siri kwa sababu tu karatasi ina uwazi usio na maelezo. Ukuta wa pale unaubonyeza, na unapitika.

Sasa, mwisho wenyewe, na asiyetaka kuujua aishie hapa. Hadithi inaanza na mchawi mkuu, Grey Lord, aliyejaribu kupata kito chenye nguvu kuu. Kazi ikaharibika, naye akapasuka kuwa wawili: Lord Order wa utaratibu na Lord Chaos wa vurugu. Lord Order ndiye anayekutuma ushuke ukachukue fimbo iitwayo Firestaff. Fimbo imo kaburini katikati ya shimo, nyuma ya milango inayofunguliwa kwa funguo za RA, ikilindwa na golemu wa mawe. Mtumwa mtiifu ataichukua na kupanda nayo moja kwa moja mlangoni kwa bwana wake. Atakachokipata ni kifo, kwa mkono wa Lord Order mwenyewe.

Aliyesoma hati na kuzitafakari anaendelea kushuka, mpaka kwa joka la tabaka la chini kabisa, ambako kito kimenaswa. Kito hakitoki kwa nguvu. Kinaachiliwa na uganga wa ZO KATH RA, kisha kinaunganishwa na fimbo. Hapo ndipo unamkabili Lord Chaos, na upanga haumtoshi. Unamzungushia vizuizi vya nishati pande zote asitoroke, halafu unamyeyusha, yeye na Lord Order wanaungana, na Grey Lord anarudi. Utaratibu peke yake ulikuwa hatari sawa na vurugu. Kwa gemu ya 1987, wakati nyingi zilikuwa zinahesabu tu maadui waliouawa, huo ni uandishi wa hali ya juu, na unapokelewa kwa uzito kwa sababu saa zote za kiu, giza na milango zimekufundisha usikubali kitu kwa sura yake ya kwanza.

Mwaka 2012 Wafini wa Almost Human walitoa Legend of Grimrock, inayotembea miraba ileile kwa picha za kisasa, na ni nzuri. Lakini anayetaka kuanza ningemshauri aanze na ya FTL, daftari na penseli zikiwa pembeni, na majibu asiyatafute. Baadaye ataweza kuwahamisha mashujaa wake hadi Chaos Strikes Back ya 1989, inayowaamsha gizani, mikono mitupu, wakiwa wamezungukwa na minyoo mikubwa.