Babu Husema Asiyoweza Kusema Baba

Hapo kale, jua lilipotua upande wa Ziwa Victoria na baridi ya milima ya Manga ikaanza kuuma, watoto wa Kikisii walikimbilia penye moto wa babu yao. Hapakuwa na ubao wala kitabu, lakini masomo yaliyotolewa hapo yalimfaa mtu maisha yake yote.

Mgeni aweza kuuliza: Kwa nini kazi hiyo alipewa babu, hali baba yupo? Jawabu limo katika desturi ya Abagusii iitwayo chinsoni, yaani haya na heshima baina ya wazazi na watoto wao. Kijana akiisha kutahiriwa, yeye na baba yake huchunga sana adabu. Baba haingii nyumbani mwa mwanawe aliyeoa, wala mambo ya unyumba hayazungumzwi kati yao. Lakini baina ya babu na mjukuu haya hiyo haipo. Wao hutaniana na kucheka pamoja, na katika mzaha huo babu hupenyeza neno ambalo baba angeona aibu kulitamka.

Somo kubwa lilikuwa la ukoo. Mjukuu alifundishwa majina ya wazee wake, mmoja baada ya mwingine, mpaka akayajua kwa moyo. Faida yake ni dhahiri. Abagusii hawaoani ndani ya ukoo mmoja, na kijana asiyewajua watu wake aweza kumposa ndugu yake bila kujua.

Somo jingine lilitolewa zizini. Ng'ombe wa mahari walioletwa kwa ajili ya binti ndio waliotumiwa na kaka yake kuoa. Basi kila kaka alifungamana na dada yake. Babu alimwonyesha mjukuu ng'ombe na kumweleza wametoka kwa ndoa ya nani. Kijana aliyeelewa hayo hakuthubutu kumdharau dada yake, maana alijua ni nani aliyemwezesha kuwa na mke.

Tena palikuwa na habari za mwaka 1908, Otenyo wa Kitutu alipomchoma mkuki Northcote, mkuu wa wilaya. Northcote alipona, lakini askari wa Serikali walichoma nyumba na kuteka mifugo ya watu wengi. Kwa habari hiyo mtoto alijifunza ushujaa, na pia alijifunza kwamba tendo la mtu mmoja hulipwa na jamaa nzima.

Leo Manga imo katika Kaunti ya Nyamira, na watoto wengi wa huko hulala katika shule za bweni au huishi mijini na wazazi wao. Wengine humwona babu siku chache tu za likizo. Elimu ya shule ni njema, lakini haina orodha ya majina ya ukoo wa mtu. Mzee akifariki kabla hajaulizwa, majina hayo huzikwa pamoja naye.

Dawa yake si ghali. Mzazi ampeleke mwanawe kwa babu wakati wa likizo, naye mtoto achukue daftari na kalamu, aulize, aandike. Babu naye asingoje kuombwa mara mbili. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Lakini wazee wasipoulizwa, neno lenyewe hupotea.